Uzoefu wangu na kliniki ya fiziotherapia ya wakimbiaji Nairobi: lipia mpango wa mazoezi, si video

Kliniki niliyotumia inajitangaza kwa wakimbiaji: unapigwa video ukikimbia kwenye mashine, unapimwa nguvu za miguu, kisha unaandikiwa mpango wa mazoezi. Kilichonipeleka ni kano ya Achilles, ile inayounganisha kigimbi na kisigino: yale maumivu yanayokufanya uchechemee ukitoka kitandani asubuhi, halafu yanalegea ukishatembea kidogo. Nawapa nyota nne kati ya tano, na zote nne ni za mpango wa mazoezi. Video ndiyo wanayoitangaza zaidi, na ndiyo sehemu dhaifu.

Si kwamba video haina kazi. Kamera ya ubavuni inaonyesha mguu unatua umbali gani mbele ya nyonga na goti linakunjika kiasi gani. Ya nyuma inaonyesha kama nyonga inashuka upande mmoja. Shida ni kwamba walianza kurekodi mara tu mkanda ulipoanza kuzunguka. Mtu asiyezoea mashine hukimbia kwa tahadhari mwanzoni, kwa hiyo mpe angalau dakika sita ndipo urekodi. Tena mashine ilikuwa tambarare, ilhali wengi wetu tunakimbia msitu wa Karura, kupanda na kushuka. Mlimani kifundo cha mguu hukunjika zaidi na kano huvutika zaidi kabla kigimbi hakijasukuma, na hapo ndipo ubovu hujitokeza. Waombe wainue mashine kidogo, na uvae raba zako zile zile za kila siku.

Baada ya video utaambiwa mguu wako unalalia ndani na utaonyeshwa soli za kuweka ndani ya raba. Usinunue siku hiyo. Mguu kulalia ndani kiasi ni sehemu ya namna unavyopokea uzito, na peke yake hausemi nani ataumia. Jambo jingine ningependa waliache kabisa: kumshauri mwenye kano inayouma aanze kutua kwa sehemu ya mbele ya wayo. Kutua hivyo hupunguza mzigo wa goti kwa kuuhamishia kigimbi na kano. Anayeumwa goti anaweza kunufaika; wa Achilles anaongezewa tatizo lile lile. Ushauri wao wa kuongeza hatua kwa asilimia 5 hadi 10 ni mzuri zaidi. Kama unapiga 160 kwa dakika, lenga 168 hadi 176 kwa kasi ile ile. Mguu utatua karibu na mwili, na goti na nyonga zitapata nafuu.

Sasa mpango wenyewe. Walianza kwa kupima: simama kwa mguu mmoja, nyanyua kisigino hadi juu kabisa, rudia kwa mdundo mmoja hadi kimo kianze kupungua. Mara 25 ndicho kipimo kinachotumika sana, lakini tofauti kati ya mguu mzima na unaouma ndiyo inayosema mengi. Kisha wakaandika mazoezi mazito ya polepole ya kunyanyua kisigino, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12: kuanzia seti 3 za 15, kwenda 12, 10, 8, hadi seti 4 za 6, uzito ukipanda kila marudio yanapopungua. Mpango wa zamani wa daktari Håkan Alfredson wa Uswidi, uliochapishwa 1998, unataka marudio 180 kwa siku, kila siku. Matokeo ya njia hizi mbili yanakaribiana. Kwa mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku baada ya foleni, hii ya mara tatu ndiyo atakayoimaliza.

Kila rudio lichukue sekunde sita, tatu za kupanda na tatu za kushuka. Ukidunda, kano inarudi yenyewe kama mpira na msuli haufanyi kazi uliyoiletea. Angalia pia goti. Ukichoka linakunjika bila wewe kujua, na zoezi la goti lililonyooka linageuka la goti lililokunjwa. Yote mawili yanahitajika, maana chini ya msuli wa kigimbi unaouona kuna mwingine, soliasi, ambao hauvuki goti na ndio unaobeba mzigo mkubwa mtu anapokimbia. Huo unafanyiwa kazi ukiwa umeketi.

Huna haja ya jimu wiki za kwanza. Paketi tano za unga za kilo 2 kwenye begi la mgongoni ni kilo 10. Zifunge kwa leso zisicheze, na kaza mikanda begi likae juu. La kuketi, weka beli nzima ya unga, kilo 24, juu ya goti, sehemu ya mbele ya wayo ikiwa kwenye ukingo wa ngazi. Ikishakuwa rahisi, hapo jimu haikwepeki. Wengi hukwama kwa sababu wanabaki na uzito ule ule hadi mwisho.

Kanuni yao ya maumivu ni wazi: kutoka 0 hadi 10, hadi 5 inaruhusiwa wakati wa zoezi, mradi iwe imetulia asubuhi inayofuata na ukakamavu wa asubuhi usizidi wiki hadi wiki. Ukizidi, punguza uzito, usiache zoezi. Kupumzika kabisa kunatuliza maumivu na kuiacha kano dhaifu, ndiyo maana yanarudi wiki ya kwanza ya kukimbia.

Hakikisha wanabonyeza kano kujua mahali penyewe panapouma. Maumivu ya sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino yanavumilia kisigino kushuka chini ya ngazi. Yakiwa pale kano inaposhika mfupa, usishuke chini ya usawa wa sakafu na uache kuvuta kigimbi, kwa sababu hapo kano inabanwa kwenye mfupa.

Fomu yao inauliza kama umetumia siprofloksasini karibuni, ile dawa watu hununua kwenye duka la dawa tumbo likisumbua. Nimefurahi sana kuliona swali hilo, maana dawa za kundi hilo zinaweza kudhuru kano hadi ikatike. Na ukisikia mlio wa ghafla nyuma ya mguu ukashindwa kusimama kwa vidole, hiyo si kazi ya kliniki hii, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nyota iliyopotea ni ya muda. Sehemu kubwa ya kila kipindi inaishia kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo kwa kano hii haina msaada wa maana, huku wakikusukuma ununue kifurushi cha vipindi vingi kwa mkupuo. Kataa kwa adabu. Lipa kipindi kimoja kimoja kwa M-Pesa, omba mpango uandikwe, kisha rudi kila baada ya wiki tatu hivi waongeze uzito na wapime upya. Kukimbia kunarudi kwa dakika moja moja, kutembea katikati, siku moja ya kupumzika kati ya mbio, kwenye uwanja tambarare wa mtaani. Milima ya Karura iwe ya mwisho.