Tolterodini au ketamini dhidi ya kero ya mpira wa mkojo

Mgonjwa anayezinduka baada ya upasuaji akiwa na mpira wa mkojo huweza kubanwa na haja kali ilhali kibofu ni kitupu, kwa kuwa mpira huchokoza misuli ya kibofu ikajikaza bila hiari. Tolterodini, kidonge kinachomezwa yapata saa moja kabla ya upasuaji, hutuliza mikazo hiyo hiyo, ingawa hukausha kinywa na haimfai mwenye glakoma (ugonjwa wa macho) ya pembe nyembamba isiyodhibitiwa. Ketamini, dawa ya nusukaputi, hutolewa kwa dozi ndogo dhidi ya kero hii na hudungwa mshipani, hivyo humfaa zaidi aliyeletwa kwa dharura au anayelalamika tayari. Lakini huweza kuleta usingizi na maruweruwe, ambayo kwa mzee mwepesi wa kuchanganyikiwa ningeyahofia kuliko kinywa kikavu.