Uzoefu wangu: kukodi timu ya bonanza kwa watoto wa chekechea hapa Dodoma

Nianze na hukumu kabisa. Vijana wenyewe wanastahili kila shilingi, na vifaa vyao vidogo vinafaa. Lakini lile puto kubwa la kurukia pamoja na spika ni pesa ya kutupa, hasa kwa upepo wetu huu. Kama una watoto wa miaka mitatu hadi sita na mnapanga kuwafanyia bonanza, soma kabla hujatuma muamala.

Sisi ni wazazi wa kituo kimoja cha kulelea watoto mchana, upande wa Ilazo. Wengi tunashinda Mtumba maofisini, wengine wana biashara zao sokoni Majengo, na walezi wa kituo wanahesabika. Kamati ikaona tutafute watu wa kazi hiyo badala ya kumtwisha matroni kila kitu. Tukawapata vijana wanne wanaofanya mabonanza ya watoto. Jina lao nimeliacha kwa makusudi, maana tulichokosana tulikimaliza wenyewe. Kifurushi kilikuwa shilingi 450,000 kwa watoto wasiozidi 30: wasimamizi wanne akiwemo mshereheshaji, vifaa vya michezo, puto la kurukia na jenereta lake, spika, medali na vitafunwa. Usafiri wa ndani ya jiji umo humo humo. Nusu mnatanguliza, nusu inatoka siku yenyewe kabla hawajashusha vitu.

Tulifikiria Chinangali Park, tukaacha. Mtoto wa miaka mitatu kwenye eneo lenye watu wengi ni wa kumshika mkono muda wote, sasa atakimbia saa ngapi? Tukabaki kwenye uwanja wa kituo, una uzio na vyoo viko karibu.

Sasa kuhusu uwanja, hapa ndipo nilipoanza kuwapunguzia maksi. Kwenye maelezo yao waliandika "maandalizi ya uwanja". Mimi nikaelewa watafagia. Kumbe kwao maandalizi ni kupanga koni na kuchora mistari. Anayeishi Dodoma anajua kiangazi kinavyoacha mbigili zimekauka chini, huzioni mpaka zimekuingia, na watoto wakishanogewa viatu vinabaki pembeni. Aliyetuokoa ni babu mlinzi wa kituo. Alichukua blanketi kuukuu, akalilowesha kidogo, akaliburuta uwanja mzima kwenda na kurudi. Lilipogeuzwa lilikuwa limejaa miba upande mmoja. Kijana mmoja wa timu akamwambia, "Shikamoo babu, hii lazima tuiige." Babu akaitika, "Marahaba mjukuu wangu, igeni, lakini blanketi tafuteni lenu."

Mistari nayo walitaka kuichora kwa chokaa ya unga. Matroni akakataa, na alikuwa sahihi: chokaa inaunguza macho, na upepo wa hapa haubagui nani kasimama wapi. Wakatandika kamba za katani chini na kuzikandamiza kwa mawe madogo kwenye ncha. Zilitosha. Watoto wa umri ule hata hivyo hawafuati mstari, wanamfuata mwenzao aliye mbele.

Tulianza saa mbili na nusu asubuhi. Saa hiyo ndiyo ninayowashauri wote, kabla jua halijawa kali na upepo haujaamka. Mshereheshaji aliwasalimia wazazi kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", bibi zetu wakafurahi kweli, kisha akawageukia watoto na hapo ndipo nikajua pesa yetu haikupotea. Hakutoa hotuba. Alichuchumaa mpaka akalingana nao kimo, akaanza moja kwa moja: "Nyama nyama nyama!" Watoto: "Nyama!" "Nyama ya mbuzi!" Wanaruka. "Nyama ya kuku!" Wanaruka. "Nyama ya jiwe!" Nusu wakaruka, nusu wakaanguka kwa kicheko. Ndani ya muda mfupi hata wale waliokuwa wameng'ang'ania magauni ya mama zao walikuwa uwanjani.

Watoto waligawanywa timu mbili kwa vitambaa vya rangi. Walikuja na vyekundu na vya kijani, na sidhani kama kuna Mtanzania asiyejua kilichofuata. Akina baba wakaanza utani wa Simba na Yanga, mmoja akawa anamwambia mwanawe avue kitambaa chekundu. Matroni akaingia dukani kwake (kabati la vifaa vya sanaa) akatoka na vipande vya zambarau na vya pinki, amani ikarudi. Wakikuuliza rangi, chagueni mapema.

Michezo yenyewe sitaieleza yote, ila mitatu lazima niiseme.

Wa kwanza ni kujaza maji kwenye chupa. Kila mtoto anachovya sifongo kwenye beseni, anakimbia nalo, analikamua kwenye chupa iliyokatwa mdomo. Huu ndio mchezo wa siku. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeuliza nani wa kwanza, na waliomaliza walirudia bila kuambiwa. Kuna mmoja aliyekuwa anajikamulia kichwani kila safari, timu yake ikabaki na chupa tupu, na yeye ndiye aliyekuwa na furaha kuliko wote. Kwa kuwa maji hapa kwetu si ya kuchezea, mabeseni yaliwekwa chini ya miche ya mwarobaini, kilichomwagika kikaenda kwenye mizizi. Wazo hilo lilikuwa la vijana wenyewe, nawapongeza.

Wa pili ni ndimu kwenye kijiko. Kwa wa miaka sita ni sawa. Kwa wa miaka mitatu ndimu inateleza, inabingirika, mtoto anaifuata mpaka kwa majirani. Msimamizi aliwaruhusu wadogo waishike kwa kidole gumba, mzazi mmoja akalalamika kwamba ni kudanganya. Jamani, miaka mitatu! Mimi ningewapa kiazi mviringo kidogo na upawa badala ya kijiko cha chai, mchezo ukabaki ule ule bila kilio.

Wa tatu ni mbio za magunia, na hapa vifaa vyao vina kasoro. Walileta viroba vikubwa vya salfeti vya kilo 50. Mtoto wa chekechea akiingia humo anazama mpaka kifuani, na salfeti inateleza kwenye vumbi, kwa hiyo wakawa wanaanguka kifudifudi kabla hata ya kuruka. Vingine vilikuwa bado vinanuka dagaa. Tulikuwa na viroba vya sembe vya kilo 25 jikoni kwa kituo, vikakunjwa mdomo mara mbili, vikawakaa vizuri. Nimewaambia wanunue vya aina hiyo, wamesema watanunua. Tutaona.

Katikati ya mapumziko mshereheshaji akajaribu somo kidogo la riadha. Akauliza, "Nani anamjua Simbu?" Watoto wakapaza, "Simba!" Upande wa pili, "Yanga!" Basi somo likafia hapo, lakini wazazi tukaliendeleza wenyewe kivulini, maana Alphonce Simbu ni wa kanda hii hii, mtu wa Singida, na ushindi wake wa marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, ulikuwa wa tofauti ya sehemu tatu tu za mia za sekunde baada ya kilomita 42. Baba aliyekuwa analalamikia kidole gumba akasema, "Mnaona? Ndiyo maana sheria zifuatwe." Tukamcheka.

Turudi kwenye puto. Nilikuwa nimesoma kidogo kabla ya siku yenyewe. Viwango vya usalama vinavyotumika Ulaya vinataka maputo ya namna hii yafungwe chini kwa nanga zisizopungua sita, na yasitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, kwa sababu yameshawahi kunyanyuliwa na upepo yakiwa na watoto ndani. Udongo wetu ni mgumu, vigingi vyao vya chuma viliingia nusu kidole vikagoma. Wakaja na wazo la kufunga kamba kwenye mawe na bampa la gari. Ilipofika saa tatu na nusu upepo ulishaanza kupandisha vumbi, miti inayumba yote, na puto lilikuwa linacheza hata kabla mtoto hajapanda. Mimi na matroni tukasema hapana. Kijana wa jenereta akanuna: "Dada, mbona juzi tulifunga hivi hivi na hakukuwa na shida?" Nikamjibu kwamba juzi yake siijui, hawa watoto nawajua. Likatolewa hewa. Ubishi wa pesa ulichukua muda: kwenye kifurushi puto linahesabiwa 150,000, wao wakasema gari na jenereta vimeshakuja. Mwisho wakarudisha 75,000. Naona ni haki, ila ningependa sharti la upepo liandikwe kwenye makubaliano kabla, si kubishania uwanjani huku watoto wanatazama.

Spika sitaizungumzia sana. Ilikuwa kubwa ya harusini, wadogo wawili wakaziba masikio na kulia, ikazimwa. Mshereheshaji alisikika vizuri kwa kipaza sauti kidogo cha mkononi.

Vitafunwa vilikuwa vizuri na vya hapa hapa: tikiti maji, ndizi, juisi ya ubuyu, karanga za kukaanga, na zabibu nyeusi tamu sana. Lakini zabibu zilikuja nzima, na karanga nzima, kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Zote mbili ni vitu vinavyoweza kuziba koo la mtoto mdogo, hasa anayekula huku anakimbia. Walezi wakakaa wakazikata zabibu vipande vinne kwa urefu, karanga tukala wazazi. Timu inayojiita ya watoto inapaswa kulijua hili bila kuambiwa, na kwangu ndilo kosa lao kubwa kuliko hata puto, kwa sababu puto kila mtu analiona.

Jambo jingine ni muda. Tangazo lao linajisifu kwamba wanatoa saa tatu za michezo "kama WHO inavyoelekeza". Mwongozo wa WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2019 unazungumzia dakika 180 kwa mtoto wa miaka mitatu na minne, ni kweli, lakini ni za kutwa nzima, kuanzia kukimbizana asubuhi mpaka kucheza na kaka zake jioni. Si za kufululiza juani. Watoto wetu walikuwa wazuri kwa saa moja na robo hivi. Baada ya hapo wakaanza kukaa chini, kuchezea mchanga na kugombana, na mmoja alilala juu ya rundo la viroba. Tuliwaomba vijana wafupishe, wakakubali bila maneno, wakamalizia na ukuti ukuti uliojumuisha bibi, baba na babu mlinzi.

Medali za plastiki kila mtoto alipata, zote za rangi ya dhahabu. Bibi mmoja akauliza, "Sasa nani kashinda?" Msimamizi akajibu, "Wote, bibi." Bibi hakuridhika, na kusema ukweli hata wa miaka sita hawakuridhika, wao walijua vizuri nani alitangulia kwenye magunia na wakawa wanasimuliana. Kwa wadogo naunga mkono utaratibu huu asilimia mia. Kwa wakubwa wangeweza kuweka hata mbio moja yenye mshindi, dunia isingeanguka. Utepe wa medali ni mrefu mno, kwa wengine ulifika magotini. Ufungeni fundo kabla ya kuwavalisha.

Kwa ujumla nawapa nyota nne kati ya tano kwa watu, mbili kwa vifaa vikubwa, moja kwa vitafunwa. Tutawaita tena, lakini kwa mkataba wetu: wasimamizi wanne, mfuko wa vifaa vidogo, saa moja na nusu, bila puto, bila spika, chakula tunaandaa wenyewe. Nimeshauliza bei ya hivyo, wamesema 220,000, na wamekubali kuja na blanketi la mbigili.

Kama mnawataka kwa mahafali ya mwezi wa kumi na moja, wahini, maana Jumamosi zao zinajaa haraka. Ombeni risiti ya kile kiasi cha kwanza, na mpigieni mshereheshaji mwenyewe muhakikishe ndiye atakayekuja. Wenzetu wa kituo cha jirani waliletewa mwingine, wakasema alitumia muda mwingi kujitambulisha.