BMC kwenye porti ya pamoja: uzoefu wangu, mazuri yake na yale yaliyonitoa jasho

Wadau, kwa wale mnaofunga seva alafu mkifika kwenye ile porti ya IPMI (itifaki ya kusimamia seva ukiwa mbali) iliyokaa peke yake mnaiacha bila waya, mnasema aah BMC itapita tu kwenye porti ya kwanza ya mtandao, tunaokoa waya na nafasi kwenye swichi, hii ni yenu. Nimeishi na mpangilio huo muda mrefu, seva ziko mbali, mi niko na laptopu tu, na msimamo wangu nautoa mapema kabisa: inafanya kazi vizuri sana siku ambayo huihitaji. Chapa sitaji, maana haya mambo nimeyaona kwenye mashine za watengenezaji tofauti, shida iko kwenye mpangilio wenyewe.

Kwa ambaye hajakutana nayo, BMC ni kikompyuta kidogo kimekaa kwenye bodi ya seva, kina prosesa yake na mfumo wake, kinaishi kwa umeme wa standibai, yaani seva hata ikiwa imezimwa yenyewe iko macho ilimradi waya wa umeme umechomekwa. Ndo inayokuwezesha kuwasha na kuzima seva ukiwa mbali, kuona skrini yake, kuingia BIOS, kusoma joto na feni. Ukiiweka kwenye porti ya pamoja inaongea na kadi ya mtandao kwa njia ya pembeni inaitwa NC-SI, kwahiyo waya mmoja unabeba anwani mbili za MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) na IP mbili, moja ya seva, moja ya BMC. Kadi ndo inaamua fremu hii ni ya nani.

Mazuri yapo, nisiwe mchoyo. Kwa seva moja yenye waya mmoja kwenye swichi ya kawaida ilikubali bila maneno. Unaweka IP, unafungua brauza, konsoli hiyo hapo. `ipmitool -I lanplus`, ile amri ya kuongea na BMC kupitia mtandao, na `chassis power status` ya kuuliza kama seva imewaka, jibu linakuja papo hapo. Kuna usiku keneli ya seva iligoma kabisa, nikaizima na kuiwasha nikiwa nimekaa zangu, hapo nikaipenda kweli.

Mambo yaliharibika pale tulipounganisha porti mbili za seva ziwe bondi moja ya LACP (itifaki ya kuzifanya porti kadhaa ziwe kama moja kati ya seva na swichi), seva ipate njia mbili. Kuanzia hapo BMC ikawa kama ina mashetani. Mi naping inajibu, mwenzangu akiping kwenye mashine yake kimya. Nafungua ukurasa wa BMC unakuja nusu, picha zimeingia menyu hamna, nikirifreshi unakuja wote, nikirifreshi tena unaganda. `ipmitool` inakubali mara moja, ukirudia amri ileile inakwambia imeshindwa kufungua sesheni. Sasa ukiona kitu cha hivi akili inakimbilia firmweya (programu iliyo ndani ya BMC yenyewe), na kila uliyemuuliza anakwambia apdeti firmweya. Tukaapdeti. Wapi.

Kilichonionyesha ukweli ni tcpdump, programu ya kunasa pakiti, kwenye seva yenyewe, kwenye ile porti ya PILI ya bondi, siyo ya kwanza. Nikaweka kichujio cha IP ya BMC nikaanza kurifreshi ukurasa, nikaona SYN (pakiti za kuomba kufungua koneksheni ya TCP) zinaingia pale, moja, nyingine, nyingine, zote zinaelekea MAC ya BMC na hakuna anayezijibu. Nikaelewa. BMC imeungwa kwenye porti ya kwanza tu, lakini swichi imeambiwa hizi porti mbili ni kitu kimoja, kwahiyo trafiki ya kwenda BMC inaigawa kwa hesabu ya hashi (inakokotoa kutoka kwenye anwani za pakiti ipite waya upi) kati ya waya mbili. Pakiti iliyobahatika kupita waya wa kwanza inafika. Iliyopita waya wa pili inaikuta kadi ya seva inayosema hii MAC siyo yangu, inatupwa. Na swichi yetu ilikua inapiga hashi mpaka namba za porti za TCP na UDP, brauza inafungua koneksheni kibao kila moja na namba yake, ndo maana ukurasa unakuja nusunusu. Ping haina namba za porti, kwahiyo kwa mashine moja inakaa upande mmoja siku zote, ndo maana kwangu ilijibu daima na kwa mwenzangu haikujibu hata mara moja. Yaani kila dalili ya kichawi ilikua na maelezo yake.

Na hapo bado hujazima seva. Ukiizima, hakuna mtu wa kutuma ujumbe wa LACP tena, maana BMC haishiriki LACP kabisa, inadandia waya tu. Kuna swichi ikikosa ujumbe huo inaisimamisha ile porti, kwahiyo seva imezimwa na BMC nayo imepotea, na ulikua unaitaka hasa ili uiwashe. Baadhi ya swichi zina mpangilio wa kuiacha porti ifanye kazi kivyake LACP ikikosekana, itafute, lakini inakusaidia seva ikiwa imezimwa tu, ikishawaka unarudi kwenye hashi. Sisi tuliondoa LACP tukaweka bondi ya active-backup (porti moja inafanya kazi, nyingine inasubiri), upande wa swichi hakuna kikundi chochote, porti mbili za kawaida. Swichi inajifunza MAC ya BMC iko porti ya kwanza na inaipeleka hukohuko. Tangu hapo kimya, imetulia.

Baada ya hilo nimejijengea utaratibu, na nautumia mpaka leo BMC ya porti ya pamoja ikisumbua. Siangalii kwanza nywila wala brauza. Naacha ping inatembea kwenye dirisha moja alafu naipitisha seva kwenye hali tatu: imezimwa ila umeme upo, iko kwenye BIOS, na mfumo umeshawaka. Inakufa hali gani? Ikijibu imezimwa na kwenye BIOS alafu ikafa mfumo unapopanda, angalia draiva ya kadi au bondi, kuna draiva zinairiseti kadi na kuvunja ile njia ya pembeni. Ikiwa inajibu mfumo ukiwa juu tu, ukizima inapotea, angalia swichi: LACP, au mtu amelazimisha spidi. Kwenye standibai kadi nyingi zinashuka mpaka Mb 100 au hata 10 kuokoa umeme, sasa porti ya swichi iliyofungwa kwenye gigabiti kwa lazima haitakubaliana nayo, linki haipandi. Acha auto. Na ikiwa haijibu hali zote tatu, hapo ndo uanze kuhoji IP, VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya waya uleule), au kama BMC kweli iko kwenye porti ya pamoja. Hili la mwisho usilidharau, bodi nyingi zina chaguo tatu, porti yake pekee, ya pamoja, na failova, na kwenye failova, kwa baadhi ya bodi, inaamua pale inapopata umeme: ikikuta linki kwenye porti yake inakaa hapo, isipoikuta inahamia ya pamoja. Mtu anachomoa waya wa IPMI wa muda aliouchomeka siku ya kufunga, miezi inapita, umeme unakatika ukirudi BMC imeamka upande mwingine kabisa na mtandao mwingine.

Kero nyingine ndogo ila inakera kuliko zote: seva ikiriboti, linki inashuka na kupanda, na kama swichi iko kwenye spaning tree (kinga ya kuzuia trafiki kuzunguka kati ya swichi) ya kizamani bila mpangilio wa porti ya ukingoni (porti inayojua mbele yake kuna kifaa, siyo swichi), inasubiri sekunde 15 kusikiliza na 15 kujifunza kabla haijapitisha chochote. Sekunde 30 hizo ndo zile unazotakiwa kubonyeza Delete uingie BIOS. Konsoli imeganda, ikirudi seva imeshapita inabuti mfumo. Unaanza upya. Weka porti iwe ya ukingoni, tatizo limekwisha.

Usalama wa porti kwenye swichi nao. Kama umeweka kikomo cha MAC moja, BMC ndo MAC ya pili, swichi inaona ukiukaji inafunga porti, na haijui nani mwenye kosa, inawazima wote, seva ya uzalishaji na BMC yake pamoja. Kwenye waya wa namna hii kikomo kianzie MAC mbili.

Jambo ambalo linawachanganya wengi: usipime BMC ukiwa ndani ya seva hiyohiyo. Utaping kutoka kwenye seva kwenda kwenye BMC yake, haijibu, utadhani imekufa. Kadi nyingi hazirudishi fremu ndani, inatoka nje kwenye waya, na swichi haiwezi kuirudisha ilikotoka. Pima kutoka mashine nyingine. Ila ukiwa ndani ya seva una kitu bora zaidi, `ipmitool` bila `-H` (yaani bila kutaja anwani ya BMC), inaongea na BMC kupitia bodi yenyewe bila kupita mtandao, unachohitaji ni moduli za `ipmi_si` na `ipmi_devintf` ziwe zimepakiwa. `ipmitool lan print 1` inakuonyesha IP, MAC na VLAN vilivyopo kweli, siyo vile unavyokumbuka. Kubadili VLAN nafanyia humohumo, `ipmitool lan set 1 vlan id 20`, kwa sababu ukiifanya kwa mbali unakata tawi ulilokalia. Na kumbuka upande wa swichi porti lazima iwe tranki, yaani inabeba VLAN zaidi ya moja, seva bila tagi (alama ya VLAN), BMC na tagi yake. BMC ikiwa imeganda kabisa, `ipmitool mc reset cold`, inajiwasha upya yenyewe na seva haiguswi. Kuzima seva hakusaidii kitu, standibai ipo palepale, kama hiyo amri imegoma inabidi mtu achomoe nyaya za umeme kwa mkono, zote kama seva ina paua sapulai mbili.

Kuna ajabu moja ya pembeni niliyoipenda. Kwenye baadhi ya kadi kichujio kinanyakua pakiti zote za UDP zinazokuja porti 623, na 664 pia, zinapelekwa BMC hata kama zilikua za seva. Kwahiyo huduma kwenye seva ikijichagulia namba hiyo, mfano mount ya NFS (folda inayofunguliwa kupitia mtandao), inasubiri jibu ambalo limemezwa njiani, tcpdump haioni kitu. Ndo maana Linux kwenye RPC (njia ya maombi ya mtandao ambayo NFS inaitumia) inaanza kuchagua porti zake za chini kuanzia 665. Mtu aliumia huko akaamua kuruka.

Sasa usalama, na hapa nakua mkali. IPMI 2.0 ni ya 2004 na namna yake ya kuthibitisha mtumiaji inampa yeyote anayeuliza kwa jina sahihi la mtumiaji hashi ya nywila (nywila iliyosagwa kihesabu, siyo ile hashi ya swichi) kabla hajaingia, inajulikana kama CVE-2013-4786, na haipachiki kwa firmweya kwa sababu ndo itifaki ilivyoandikwa. Anachukua hashi anaenda kuivunja kwao taratibu. Nywila yenyewe haizidi herufi 20. Ukiwa na porti ya IPMI ya pekee unaipeleka kwenye mtandao wa usimamizi uliofungwa, basi. Kwenye porti ya pamoja BMC imekaa waya uleule wa trafiki ya watu, na kama waya huo unaenda moja kwa moja kwenye intaneti na BMC imeachwa kwenye DHCP (kugawiwa IP na mtandao), unaweza ukaikuta ina IP ya nje na hukujua. VLAN siyo hiari hapa. Zima na saifa (namna ya kuthibitisha na kusimba) namba 0 kama bado iko wazi, ile inaruhusu kuingia bila nywila sahihi, na kama BMC yako ina Redfish, itifaki mpya zaidi ya kusimamia seva, tumia hiyo kwa HTTPS, IPMI ya mtandao uizime.

Nyota naipa tatu kati ya tano. Imebaki kwenye seva zangu za waya mmoja, zisizo na bondi, BMC kwenye VLAN yake, porti ya ukingoni, spidi auto, na huko sina malalamiko. Zile za bondi zote nimezivutia waya wa IPMI na chaguo nimeliweka kwenye porti yake pekee, siyo failova, hata kama swichi ya usimamizi ni ile nzee ya Mb 100, konsoli haihitaji zaidi ya hapo.