Pikipiki kubwa za safari ndefu: ipi ununue, ipi umwachie mwenyewe

Kila nikisimama sheli lazima atokee mtu na swali lilelile, "mzee, hii inakimbia ngapi?" Jamani, hilo ndo swali la mwisho kabisa. Pikipiki nyingi za kuanzia cc 650 kwenda juu zinafika 160 bila kuhangaika, na barabara zetu hazikupi hiyo nafasi, ukishatoka Kibaha mpaka Morogoro ni kibao cha 50, tuta, kibao cha 50, halafu trafiki na tochi yake kivulini. Swali la kwanza uliza hivi: ina kilo ngapi? La pili: tairi lake nalipata wapi? Hayo mawili yakishajibika mengine yanajipanga yenyewe.

Nasema hivyo sababu nimeshaangusha. Ndo nimetoka kununua kubwa langu la kwanza (jina nalihifadhi, kosa lilikuwa langu), naingia sheli pale Chalinze nijaze mafuta, nimesimama, mguu wa kushoto ukakanyaga ule mchanga mwembamba unaokaa juu ya zege, basi. Likalala taratiiibu kama ng'ombe aliyeshiba. Tulilinyanyua watu wanne, watatu ni vijana wa bodaboda waliokuwa wamekufa kwa kicheko. Boxer ya bodaboda haifiki kilo 130, ikitaka kuanguka unaidaka, lakini hizi zinaanzia kilo 210 hivi na zinapanda mpaka 400, ikishalala kidogo tu kupita kiasi hamna mwanaume wa kuizuia, we ruka pembeni uokoe mguu wako.

Sasa nilivyopanga hii orodha ni kwa mtu wa namna hii: ananunua iliyotumika, anapiga lami zaidi, Dar–Mbeya au kwa jirani zetu Nairobi–Mombasa, nyuma ana abiria na mabegi, na mwisho wa safari kuna kama kilomita 20 za rafu rodi kwenda kijijini kusalimia wazee. Kama we ni wa kuzunguka Masaki Jumapili asubuhi na kurudi nyumbani kunywa chai, nunua yoyote inayokupendeza, hapa hapakuhusu.

Namba moja naiweka Suzuki V-Strom, na najua watu watanicheka maana haina jina la kutishia mtu baa. Iko ya 650 na iko ya 1000. Ile 1000 iliyotoka 2014 ina cc 1037 na kilo 228 tangi likiwa limejaa, kwa pikipiki ya kubeba watu wawili na mizigo hiyo ni nyepesi sana. Tangi lita 20, ukiendesha kistaarabu unapata kama kilomita 20 kwa lita, kwa hiyo unatoka Dar fulu tangi unaenda kujaza mbele huko ukishapita Mikumi na huna presha. 650 inakula mafuta kidogo kuliko hiyo na ni rahisi kuinunua, injini yake ngumu mno, ila ukiwa na mama watoto nyuma na masanduku matatu halafu uko Kitonga unataka kulipita lori la Tunduma, hapo utashusha gia mbili na kumwomba Mungu, 1000 unafungua tu unapita. Ubaya wake? Kioo cha mbele, ule upepo unakupiga kichwani mpaka helmeti inatetemeka, wengi wanabadilisha kioo au wanaongeza kile kipande cha juu. Na inatumia cheni. Cheni usiidharau, sio ya Boxer hiyo, ikikukatikia Makambako hakuna duka litakalokuwa nayo, kwa hiyo uioili kila ukisimama kulala na uibadilishe mapema pamoja na sproketi zake zote mbili.

Ya pili Yamaha Super Ténéré 1200. Hii kwa kweli nilitaka niipe ya kwanza. Inatumia shafti, hakuna cheni ya kupaka oili, hakuna kuchafuka suruali, unabadilisha oili ya difu kwa ratiba na kusahau. Tangi lita 23. Kinachoishusha ni kilo 261 na uzito wenyewe umekaa juu, ukiwa mfupi kama mimi unaisikia kila ukiingia foleni ya Ubungo, na pia sokoni ziko chache, ukiipata nzuri mwenye nayo hataki kuiuza. Kitu kimoja watu hawakijui: tairi zake na za V-Strom 1000 ni saizi moja, mbele 110/80 ya 19 na nyuma 150/70 ya 17, kwa hiyo mkiwa kikundi mnaagiza pamoja na mnaazimana.

BMW R1200GS namba tatu. Najua, najua. Hii ndo kila mtu anaitaka na mimi sisemi ni mbaya, tena nikiwa mkweli hamna inayotulia barabarani kama hii, ukifunga breki ghafla mbele haizami kama zingine, na ule upepo wa Makambako unaosukuma mpaka magari haiyumbishi kihivyo. Vile visilinda vilivyotokeza pembeni kama masikio ya tembo vina faida, fundi anarekebisha valvu bila kufungua nusu ya pikipiki, na ikianguka vinazuia mguu usibanwe, ila sasa kifuniko cha valvu ndo kinakula zege. Zile za mpaka 2012 zinapoozwa na hewa na oili, kuanzia 2013 zikaja za maji, na ukitaka Adventure, yaani GS ileile yenye tangi kubwa, kuna ya lita 33 kwenye zile za zamani na 30 kwenye za maji. Kwa nini basi ya tatu? Kwa sababu ya umeme wake. Taa moja ikiwaka kwenye dashibodi unahitaji mtu mwenye kompyuta inayoongea nayo, na hao ukishatoka Dar, Arusha na Nairobi huwaoni. Ukinunua, angalia difu kwa makini: ipandishe stendi ya kati, shika tairi la nyuma juu na chini, litingishe, ikicheza hata kidogo shusha bei au ondoka. Zile za maji za 2013 mpaka 2017, BMW wenyewe waliziita zikaguliwe nguzo za shokapu za mbele, kwa hiyo muulize muuzaji karatasi ya ukaguzi, akikuangalia tu usoni ujue hajui anachouza.

Africa Twin ya Honda (CRF1000L, ya kuanzia 2016) naiweka ya nne lakini hapa ndo orodha yangu inayumba. Kama kijijini kwenu sio kilomita 20 za vumbi bali 120, basi hii inaruka mpaka juu, namba moja na hamna mjadala. Tairi la mbele inchi 21, mashimo inayameza. Kuna ya gia za kawaida na kuna inayobadilisha gia yenyewe bila klachi, ile ya pili watu wanaiponda mpaka siku watakapokaa nayo kwenye foleni ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Tatizo ni tangi lita 18.8, na rimu zake ni za spoku zenye tyubu. Tyubu ina mawili: fundi pancha yeyote chini ya mwarobaini anaziba, lakini kwanza utoe tairi zima pembeni ya barabara jua la saa saba, wakati wenzako wa tyubulesi wanachomeka utambi wa mpira, wanajaza upepo, dakika kumi wameondoka.

Yamaha FJR1300 na Honda ST1300 naziweka pamoja ya tano, ni masofa yenye magurudumu. Lami nzuri, mwendo mrefu, abiria analala kabisa. ST1300 ina tangi lita 29, unatoka Dar unafika Iringa bila kujaza. Ila zimefunikwa plastiki kila mahali, ikianguka umesimama tu hiyo plastiki utaitafuta miezi, na ukiwa kwenye foleni mjini joto la injini linakupikia mapaja kama mishikaki. Na za matuta yetu hizi? Hapana. Za Nairobi–Mombasa labda, ukilala Mtito Andei.

Ya mwisho Honda Gold Wing. Naipenda mpaka naumwa! Silinda sita, GL1800 ya 2001 mpaka 2017 ina cc 1832, ina redio, ina rivasi inayotumia mota ya starta, na kiti kiko chini kwa hiyo hata mfupi anakanyaga vizuri. Lakini zile za zamani zinacheza kwenye kilo 400, tumbo liko chini, kila tuta la kijiji ni mtihani, na tairi la nyuma ni 180/60 ya 16, saizi ambayo ukiitaja Kariakoo wanakuuliza ni ya gari gani. Hii ilitengenezwa kwa barabara pana za Marekani. Ukitaka ya kubebea bwana harusi sawa, hapo inapiga bao zote.

Sasa umeshachagua, unaenda kuiangalia. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ukifika weka mkono kwenye injini, ikiwa ya moto kuna kitu anaficha, mara nyingi inawaka kwa shida asubuhi. Tairi soma zile namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT pembeni, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Kashata zake zinaweza kuwa nzuri kabisa ila mpira umekauka, hizi pikipiki zinakaa gereji miaka bila kutembea, na kwa hiyo usidanganyike na kilomita chache, kilomita 9,000 ndani ya miaka kumi na mbili sio sifa, maana sili zimekauka, mafuta yamegandia kwenye tangi, betri imekufa. Yenye kilomita 60,000 na kitabu cha sevisi naichukua mbele ya hiyo. Kama ilitoka Uingereza hakikisha unajua dashibodi inasoma maili. Dai funguo zote mbili, nyingi zina chipu na kutengeneza mpya ni balaa.

Bei aliyokutajia ongeza robo yake kichwani: tairi mbili, betri, oili zote, pedi za breki, na bima kubwa. Kama hiyo robo huna, basi hiyo pikipiki bado huna.

Makaratasi ndo watu wanalia. Namba ya chesisi uisome mwenyewe kwenye chuma, usiisome kwenye kadi tu, zilingane. Wale wazungu wa miradi wanaomaliza mikataba wanauza vitu vizuri kweli na kwa bei ya kutupa, lakini nyingi ziliingia kwa msamaha wa kodi, na akishakuuzia wewe usiye na msamaha ile kodi inaamka. Mwende wote TRA kwanza, hela baadaye. Ukiagiza mwenyewe kutoka Japani vilevile, mpe wakala wa forodha mwaka, modeli na cc akupigie hesabu kabla hujatuma hata senti.

Na siku ya kuijaribu nenda na huyo utakayembeba. Mkae wote, mpige kama nusu saa, mpite matuta. Mimi nilienda peke yangu, nikanunua, halafu wangu alivyopanda akaniuliza hiki kiti cha nyuma ni cha abiria au cha kuwekea begi, na safari ya kwanza alishukia Morogoro akamalizia kwa basi.