Soseji za kukaushwa: bakteria wa asili au wa pakiti?

Soseji ya kukaushwa haipikwi. Kinachoilinda ni chumvi, uchachu na ukavu. Uchachu huletwa na bakteria, na hapo ndipo njia mbili zinapoachana.

Njia ya zamani huwategemea bakteria waliomo tayari kwenye nyama, visu na chumba chenyewe. Ladha yake ina kina, na hata soseji za watengenezaji wawili majirani hazifanani. Lakini ni kubahatisha. Bakteria hao wakichelewa kutoa asidi, bakteria wa maradhi kama Salmonella au Staphylococcus aureus hupata mwanya, na sumu ya huyu wa pili haiondoki hata ukiipika.

Bakteria wa pakiti, mathalani Latilactobacillus sakei, huchanganywa na nyama iliyosagwa pamoja na sukari kidogo. Kwa kawaida pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hupungua uchachu unapozidi, hushuka kutoka karibu 5.8 hadi chini ya 5.3 ndani ya siku mbili hivi. Ukiibonyeza soseji utahisi imekaza. Ladha haibadiliki-badiliki, ila mara nyingine huzidi uchachu. Kwa anayeanza, ningechagua hii bila kusita.

Vyovyote vile, usikose kutia naitriti, ile chumvi ya kuhifadhia nyama: ndiyo humzuia Clostridium botulinum, bakteria mwenye sumu kali ambaye jina lake, ajabu, limetokana na neno la Kilatini la soseji.