Mkanda wa mashine ndogo ya CNC ukikatika, ununue upi? Mwongozo kwa karakana za Tabora

Fundi wa Tabora anayechonga nakshi za vitanda na milango ya mninga kwa mashine ndogo ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, hawezi kupata mkanda wa mashine hiyo katika duka linalouza mikanda ya mashine za kusaga na pikipiki. Mikanda ya V haina meno ya kushika puli yake, na mkanda wa taiming wa gari una meno makubwa mno, kwa kuwa umbali kutoka jino hadi jino huwa milimita 8 au 9.525, ilhali mashine nyingi za aina hii hutumia mkanda wa GT2 ambao umbali huo ni milimita 2 tu. Mkanda unaofaa huagizwa Dar es Salaam ukaja kwa basi, au huagizwa China kwa mtandao, na mashine hukaa bila kazi hadi mzigo ufike. Anayeagiza mkanda usiofaa hulipa tena na kusubiri tena, ndiyo maana uchaguzi unapaswa kuanzia kwenye mkanda uliokatika wala si kwenye picha za muuzaji.

Tazama mahali ulipokatikia. Ikiwa umekatika wima, safi, na nyuzi zote zimeishia mahali pamoja, yaelekea ulikunjwa wakati wa kufungwa. Ikiwa umechanika bila usawa, yaelekea ulipokea mshtuko wa ghafla, kwa mfano biti ilipokwama ndani ya mbao wakati mota ikiendelea kuvuta. Nyuzi za kioo zilizomo ndani ya mkanda wa mpira huvumilia sana kuvutwa lakini hazivumilii kukunjwa kwa pembe kali. Ikiwa nyuzi ni nzima lakini meno yamenyolewa, basi mzigo ulizidi, au mkanda ulikuwa legevu ukawa unaruka juu ya puli, au meno yanayoshikana na puli kwa wakati mmoja ni machache. Yakiwa chini ya sita, uwezo wa mkanda hushuka. Ukingo uliochakaa upande mmoja ni dalili kwamba puli hazikai katika mstari mmoja, na hapo hakuna mkanda wa bei yoyote utakaodumu kabla puli hazijanyooshwa. Kagua pia mashimo ya meno ya puli, kwa sababu vumbi la mbao kavu hujishindilia humo, hasa miezi ya kiangazi, likauinua mkanda na kuuvuta kupita kiasi kila puli inapozunguka.

Chaguo la kwanza, kwa karakana nyingi, ni GT2 ya mpira wa neoprini yenye nyuzi za kioo na upana wa milimita 9 au 10, ilimradi puli na nafasi ya mashine zinaupokea. Uwezo wa kubeba mzigo huongezeka kwa kadiri ya upana, kwa hiyo mkanda wa milimita 9 hubeba mara moja na nusu ya ule wa milimita 6 wa aina ileile, bila kubadili hesabu yoyote katika programu. Huu ndio ununuzi unaotibu tatizo la meno kunyolewa.

La pili ni mkanda huohuo wenye upana wa milimita 6, kwa mashine ambazo puli zake ni nyembamba na mwenyewe hataki kuzibadili. Kwa kuchora, kuandika vibao na kukata mbao laini unatosha. Kwa mninga unatosha pia, lakini fundi akubali kupunguza kina cha kila pito.

La tatu ni mkanda wa poliyurethani wenye nyaya za chuma, na hapa najua wengi watapinga, kwa sababu wauzaji huusifu kuwa ni mkanda wa maisha. Ni kweli kwamba haunyumbuki kwa urahisi, na katika mashine ndefu yenye puli kubwa sifa hiyo ina thamani. Lakini nyaya za chuma huchoka kwa kupindwa na kunyooshwa mara nyingi, na puli ya GT2 yenye meno 16 ina kipenyo cha takriban milimita 10.2 tu. Katika mashine ambazo mkanda hupita chini ya beringi mbili kisha ukapanda juu ya puli ya mota, nyaya hupindwa upande mmoja kisha upande wa pili kila daraja, yaani fremu inayobeba biti, linaposogea. Dalili ya uchovu huo ni vinyaya vinavyochomoza kwenye mkanda na kuchoma vidole. Anayeutaka mkanda huu anunue pamoja nao puli za meno 20 au zaidi, na beringi pana za kupitishia. Akikosa hivyo, abaki na nyuzi za kioo.

La nne ni kuhamia mkanda wenye umbali wa milimita 3 kati ya meno. Meno yake ni makubwa na hayanyolewi kwa urahisi, ila mabadiliko hayaishii kwenye mkanda. Puli zote za meno hubadilishwa, na hesabu za mashine vilevile: mota ya hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa mara 16, ikiwa na puli ya meno 20, huhitaji hatua 80 kwa milimita kwenye GT2, lakini huhitaji hatua 53.333 kwenye mkanda wa milimita 3. Katika GRBL, programu inayoendesha mota za mashine nyingi za aina hii, thamani hizo huwekwa kwenye mipangilio inayoitwa $100 na $101. Isitoshe, puli hiyo ni kubwa zaidi, kwa hiyo nguvu ya mota ya kusukuma daraja hupungua kwa theluthi moja. Mota dhaifu itaanza kupoteza hatua, na nakshi itahama katikati ya kazi.

Usiokubalika kabisa ni mkanda usio na maandishi yoyote mgongoni, hasa kwa vile MXL, aina nyingine ya mkanda wa meno madogo, hufanana mno na GT2 machoni. Ulaze juu ya rula uhesabu nafasi 50 za meno: GT2 hufika milimita 100, MXL hufika 101.6. Fanya kipimo hiki kabla ya kuukata, maana muuzaji hatapokea vipande.

Ikiwa daraja huvutwa na mota mbili, moja kila upande, nunua mikanda ya pande zote mbili hata kama mmoja tu ndio uliokatika, kwa kuwa mkongwe umekwisha kunyumbuka na daraja litakaa mshazari. Kwa fundi aliyeko Urambo au Kaliua, ambako mzigo husubiri usafiri mwingine kutoka mjini, ni busara kuongeza urefu wa akiba kwa kila upande. Akiba hiyo ihifadhiwe ikiwa imeviringishwa kwa duara pana ndani ya boksi, mbali na jua na oili, wala isifungwe kwa kamba inayoibana.