Hoteli ya Nakasero: Wahudumu Wema, Lifti Isiyo na Jenereta

Hoteli ninayoizungumzia iko kwenye mteremko wa kilima cha Nakasero, katikati ya Kampala, na ni miongoni mwa zile kubwa zenye ghorofa nyingi, kumbi za mikutano, bwawa la kuogelea na mkahawa wenye baa juu ya paa. Jina lake naliacha, maana malalamiko niliyokuwa nayo nimekwisha kuyafikisha kwa wenyewe. Tulifikia hapo mimi na mama yangu tulipotoka Arua, ili yeye apumzike siku chache kabla ya kupanda ndege Entebbe kwenda Umra. Safari ya basi kutoka Arua inakaribia kilomita 500, na mtu aliyepita umri wa miaka sabini, ambaye magoti yanamsumbua, hawezi kushuka Arua Park, kituo cha mabasi hapo Kampala, kisha akaunganisha moja kwa moja hadi uwanja wa ndege. Ndiyo sababu nilikubali kulipa bei ya hoteli kubwa badala ya kutafuta nyumba ya wageni ya kawaida huko chini mjini.

Mapokezi yalikuwa mazuri kuanzia getini. Tangu mabomu ya Julai 2010 yalipoua watu zaidi ya sabini Kabalagala na Kyadondo, ukaguzi wa mikoba na magari ni jambo la kawaida kwenye hoteli za Kampala, lakini namna ya kuufanya hutofautiana sana. Hapa aliitwa askari wa kike amkague mama pembeni, akamwomba radhi kabla ya kugusa mkoba wake, na mwenzake akambebea fimbo mpaka ndani. Binti wa mapokezi alimwita Hajati, akampa kiti na maji kabla hata hatujaulizwa vitambulisho. Mama hajui Kiingereza, na Luganda anaisikia kidogo tu, kwa hiyo binti huyo alipoona tunasemezana Kiswahili alimwita mwenzake anayekimudu ili maelezo yote yamfikie mama mwenyewe badala ya kupitia kwangu. Niliithamini sana heshima hiyo. Kitabu cha maelezo kilichokuwa chumbani, kwa bahati mbaya, kimeandikwa kwa Kiingereza na Kichina peke yake, ilhali baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi tangu Julai 2022 na hoteli yenyewe hupokea wageni wengi kutoka Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo.

Tatizo lililotuelemea zaidi lilianzia kwenye chumba. Wakati wa kuweka nafasi kwa njia ya intaneti nilikuwa nimeomba ghorofa ya kwanza au ya pili, nikaeleza sababu, nikajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Tulipofika tuliambiwa kuwa ghorofa za chini zimejaa watu wa mkutano, tukapewa chumba cha ghorofa ya sita. Nilikubali kwa kuwa lifti zilikuwa mbili na zote zinafanya kazi. Jioni moja, tukirudi kutoka kuswali magharibi katika msikiti mkuu wa Old Kampala, tulikuta umeme umekatika katika eneo hilo. Jenereta ya hoteli ilikuwa imekwisha kuwaka, taa zinang'aa kila mahali na muziki wa baa ya paani unasikika hadi barabarani, lakini lifti zote mbili zilikuwa zimesimama. Nilipouliza, niliambiwa waziwazi kwamba jenereta hulisha taa, jiko, majokofu na mkahawa wa juu, na kwamba lifti hazikuunganishwa nayo.

Katika hali hiyo ndipo nilipoona wafanyakazi wa hoteli hii ni watu wa namna gani. Kijana wa mizigo, ambaye Kiswahili chake alikipata alipolelewa Busia mpakani, alichukua kiti cha plastiki kutoka bustanini akapanda nasi hatua kwa hatua, akikiweka kwenye kila kituo cha ngazi na kusema, "Pumzika kwanza, Hajati, hatuna haraka." Hakuna aliyemtuma, na zamu yake ilikuwa imekwisha. Mhudumu wa ghorofa alitusubiri juu akiwa na beseni la maji ya moto ili mama aloweke miguu. Mama alimwombea dua kijana yule mbele ya wenzake wote, na mimi nitamkumbuka kwa heri. Hata hivyo, nasema kwa uzito wote kwamba wema wa kijana anayelipwa mshahara mdogo usitumiwe kufunika uamuzi mbaya wa wenye mali. Mtu aliyeketi akapanga kipi kiunganishwe na jenereta aliichagua spika ya baa akaiacha lifti, na katika jengo la ghorofa nyingi uamuzi huo ungeweza kumwacha mgonjwa, mjamzito au mtu wa kiti cha magurudumu kwenye sakafu ya chini usiku kucha. Kampala si mji ambao umeme hukatika kwa nadra hata isemwe kwamba hawakulitarajia jambo hilo.

Spika hiyo hiyo ilitunyima usingizi mwishoni mwa wiki. Muziki uliendelea hadi saa nane za usiku, na ghorofa ya sita iko karibu mno na paa. Mtu wa zamu ya usiku alitupatia pamba za masikio na kuahidi chumba kingine kesho yake, akatimiza ahadi. Chumba kipya kilikuwa ghorofa ya pili, upande wa bustani, na kilikuwa kimya kabisa. Nilijiuliza kwa nini hakikupatikana tangu siku ya kwanza.

Chumba chenyewe kilikuwa safi, shuka nyeupe zisizo na doa, chandarua kizima, na alama ya kibla imebandikwa ndani ya droo ya meza. Mswala uliletwa mara tu tulipouomba.

Kuhusu chakula nina mengi ya kusifu na jambo moja la kulalamikia. Luwombo ya kuku waliyoipika kwa mchuzi wa karanga ndani ya jani la mgomba ilikuwa na ile harufu ya moshi wa jani ambayo haipatikani kwa njia ya mkato, na matoke yaliletwa yakiwa bado yamefunikwa majani, laini na ya moto. Asubuhi kulikuwa na katogo (ndizi zilizopikwa pamoja na mchuzi wake), mayai, maandazi, na mananasi matamu ambayo nadhani yalitoka soko la Nakasero, lililo chini tu ya kilima. Mama alipouliza habari ya uchinjaji wa nyama, mpishi mkuu alitoka jikoni mwenyewe, akaketi naye, akamweleza nyama inanunuliwa wapi na nani anaichinja, na wala hakuonyesha kwamba swali limemkera. Kahawa, kinyume chake, ilikuwa ya unga wa pakiti kutoka ng'ambo. Hii ni nchi ambayo robusta imekuwa ikimea yenyewe msituni, na ambayo wakulima wa Bugisu kwenye miteremko ya Mlima Elgon hulima arabika inayosafirishwa mbali. Ni kwa nini mgeni wa hoteli ya bei hii akorogewe unga wa kigeni? Nilimwuliza mhudumu, akanijibu kwa upole kwamba kahawa ya Uganda ipo, lakini inauzwa kando, haimo katika bei ya kifungua kinywa.

Jambo la kuuzwa kando ndilo lililoharibu siku yetu ya mwisho. Bei iliyotangazwa ilikuwa ya dola, na tulipotaka kulipa kwa shilingi walitumia kiwango chao wenyewe, ambacho kilitofautiana na kile cha maduka ya kubadilishia fedha ya Kampala Road kwa kiasi cha kuumiza. Juu yake iliongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo kwenye ukurasa wa kuweka nafasi ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. Kodi ni haki ya serikali na sina neno nayo, na stakabadhi ya kielektroniki inayotakiwa na mamlaka ya mapato nilipewa bila kuzungushwa. Lakini bei anayoonyeshwa mtu anapoamua kulala mahali inapaswa iwe ndiyo atakayoilipa. Gari la hoteli kwenda Entebbe nalo liliuzwa kama huduma iliyokamilika, kisha tukakuta tozo ya barabara ya kasi, shilingi 5,000, imeongezwa kwenye hesabu. Dereva mwenyewe alifika kabla ya alfajiri kama alivyoahidi, akaendesha kwa utulivu, na akamsindikiza mama hadi mlango wa abiria.

Nilirudi hotelini siku hiyo hiyo kuonana na meneja. Alinisikiliza bila kunikatiza, akairudisha ile tozo palepale, na kuhusu kiwango cha dola akakubali kwamba kinafaa kubandikwa mapokezi mahali panapoonekana. Kuhusu lifti alisema gharama ya kuziunganisha na jenereta imekwisha kupelekwa kwa wenye hoteli na bado hawajaipitisha. Mpaka watakapoipitisha, anayefikia hapo na mzee, mgonjwa au mtoto mchanga adai ghorofa ya pili upande wa bustani, apate jibu la maandishi lenye namba ya chumba, na aulize bei kwa shilingi pamoja na kodi kabla ya kutoa malipo yoyote.